Somo la Jumapili

Jumapili iliyopita nilikuwa nakunywa chai katika hoteli moja ya hapa Gisenyi. Meza ya pili walikaa wahudumu wa hoteli hiyo hiyo, walioitwa na meneja wao siku yao ya mapumziko kujifunza Kiingereza, watake wasitake. Somo lilikuwa kutenganisha kazi na maisha ya nyumbani. Mwalimu akawaimbisha kwa Kiingereza: "Jumapili ninapumzika na watoto wangu." Meneja akapiga makofi.

Simu ya mama mmoja ikalia. Akaziba mdomo kwa kiganja, akanong'ona.

"Kula na dada yako, mutoto wangu. Mi niko ku kazi. Banatufundisha kusema tuko ku nyumba."

"Zima simu, unavuruga somo!" meneja akafoka.

Nikaweka kikombe mezani. Bwana meneja, huna haya? Kupumzika wanakujua tangu kuzaliwa. Wanachokosa ni Jumapili yao, na wewe ndiye uliyeichukua.