Mama Laurentine, Aliyevunja Saruji ya Kanisa

Alizaliwa Lukafu mwaka 1949, binti wa mfyatuzi wa matofali ya udongo wa kichuguu. Laurentine Mwape alijua kukanyaga udongo kabla hajaijua Baba Yetu, na mwenyewe alisema sala hiyo aliisoma akiwa ndani ya tope. Mwaka 1968 aliolewa na Hénoc, mfanyakazi wa reli, akahamia Kampemba, mjini Lubumbashi, jirani na kikanisa cha Mtakatifu Ana. Kikanisa hicho walikijenga wafanyakazi wa reli wa zamani, na wake zao ndio waliobeba udongo vichwani. Kila mwanamke alibonyeza kidole gumba katika tofali moja bichi, kwa kuwa wengi wao hawakujua kuandika majina yao.

Hénoc alipofariki mwaka 1991, Laurentine alirudi kutoka mazishini akaegemea ukuta wa kikanisa kile, gumba lake likaingia katika alama ya mwanamke asiyemjua. Alilia sana, kisha akachukua ufagio. Huo ndio wito wake, wapendwa waamini, hakutokea malaika. Kwa miaka thelathini alifagia, akafua vitambaa vya altare, na chakula chake akakigawana na wagonjwa wa mtaa.

Jaribu lake lilikuja limevaa vizuri. Kwa ajili ya jubilei, kamati ya parokia ilizipaka kuta zote saruji na rangi, ili nasi tuonekane watu wa kisasa. Baada ya misimu michache ya mvua saruji ikapasuka, kuta zikatoa unyevu na uvundo. Injinia alitazama nyufa akasema jengo limekufa. Ndipo siku ya Pentekoste mwaka 2021, Padri André, paroko mpya mwenye bidii na haraka, akatangaza kwamba mwezi wa tisa kikanisa kitabomolewa, kijengwe kingine cha vioo.

Laurentine alikwenda kwa jirani yake Djafari, mwashi mzee Mwislamu ambaye babu zake walitoka Maniema. Djafari alifuatana naye, akaweka kiganja kwenye ukuta wa kikanisa, akaukwaruza kwa ukucha.

"Mama, ukuta haiko mugonjwa," alisema. "Ile simenti njo iko nafunga maji ndani. Mutoe simenti, jua itafanya kazi yake."

Laurentine alipeleka neno hilo kwenye kamati. Walicheka, na Mama Abigaïl, rais wa kamati, alicheka kuliko wote. Basi kesho yake, mchana kweupe, mama wa miaka sabini na miwili alishika nyundo na patasi akaanza kulipiga kanisa alilolipenda. Mtaa ukasema amerukwa na akili. Padri alimnyang'anya funguo za sakristia, naye akazitoa bila ugomvi, maana ukuta wa nje hauhitaji funguo.

"Mama Laurentine, kanisa imezeeka!" Padri alimwambia mbele ya watu.

"Na miye nimezeeka, mon père," alijibu, na nyundo haikusimama. "Mutanibomoa lini?"

Kiangazi chote aligonga, Djafari juu ya ngazi, yeye chini. Kufika mwezi wa nane ukuta ulikuwa mkavu, ukigongwa unalia kama chungu kizima. Nyufa zilikuwa za saruji tu. Tofali halikuwa na kosa. Na magumba yakatokea, mamia. Wanawake wakaja kutafuta ya bibi zao. Abigaïl aliweka gumba lake katika alama mojawapo, akashindwa kuondoka. Siku ya kubomoa waamini walikizunguka kikanisa, kila mmoja na gumba lake ukutani, na mashine ikarudi ilikotoka. Padri André alimwomba msamaha hadharani, akamrudishia funguo.

Alifariki tarehe 14 Novemba 2023, mvua ikinyesha na kuta zikiwa kavu. Neno lake la mwisho lilikuwa, "Kwa kaburi yangu, musitie simenti." Djafari alilijenga kwa matofali ya kichuguu, na katika moja limo gumba la marehemu, alilolibonyeza mwenyewe akiwa hai. Plamedie, mwanamke wa mtaa aliyekuwa amepoteza mimba tatu, alisali hapo, na leo mwanawe anatambaa kanisani. Kanisa halijatamka kwamba ni muujiza, nasi hatulitangulii.

Ila mfano wake tunao. Wakikuambia nyumba ya sala ya wazee wako imekufa, usibishane nao sana. Shika nyundo, uondoe kwanza walichoipaka.