Kokubelwa Wawili

Nilikosea mimi. Si mwanangu, si kompyuta, si kijana wa watu. Mimi bibi kizee, kwa mdomo wangu huu, na leo nimenaswa ndani ya maneno yangu mwenyewe!

Naandika kwa mkono, mwandiko mtauvumilia, shule niliiacha mapema. Siku zote anayeniandikia ni mjukuu wangu, nimwite Alinda. Hii siwezi kumpa aandike. Mtaona kwa nini.

Huku Kashozi, mtu akitaka kujua fulani ni nani wetu, anakuja kwangu. Ukoo mzima ninao kichwani, waliozikwa na waliozaliwa juzi. Sifa hiyo niliipenda mno, waitu!

Alinda amesomea kompyuta, anafanya kazi Bukoba mjini. Akaja akaniambia anauweka ukoo wetu kwenye kompyuta, uwe kama mti. Nikatazama. Mzizi uko juu, matawi yananing'inia chini!

"Huo ni mkungu wa ndizi, si mti," nikamwambia. Tukacheka.

Nikawa nataja majina, yeye anaingiza. Halafu akasema, "Bibi, kila mtu nimpe namba yake, isiyofanana na ya mwingine."

"Namba? Watu wangu ni ng'ombe wa mnadani?"

"Bojo, tafadhali Bibi, sikiliza. Kompyuta ikimtafuta mtu inaanzia juu, inashuka tawi la kwanza mpaka mwisho. Ikimkosa inarudi, inashuka la pili. Nikitafuta kwa jina, itasimama kwa wa kwanza mwenye jina hilo, hata kama siye. Namba haina wawili."

"Mimi jina linanitosha. Sijawahi kupotea."

Akatii, akaendelea kuingiza majina. Laiti ningemsikiliza! Na sisi ndio watu wa kurithisha majina, bibi akifa jina lake anapewa mtoto wa huyu na wa yule.

Kisha Alinda akaleta mchumba. Nimwite Deus, kijana wa Ijumbi, kule Muleba. Akimtazama Alinda, chai inampoa mkononi. Ndugu zake walikuja na kibuyu cha lubisi, pombe yetu ya ndizi, tukakaa. Mwanangu mkubwa, msemaji wa familia, akaniuliza mbele ya wote:

"Mama, marehemu bibi wa kijana alikuwa Kokubelwa, alitoka hapa kwetu akaenda Ijumbi. Unamjua?"

"Namjua sana! Binti wa baba yangu mdogo. Hawa ni damu moja, hawaoani!"

Baba yake Deus akajaribu, "Lakini Mama, sisi hatukuwahi kusikia..."

"Wewe ulikuwa umezaliwa?"

Watu wakacheka. Alinda hakucheka. Mwanangu akarudisha kibuyu cha watu kikiwa kimejaa, akasema, "Mama yangu hakosei jina."

Baadaye nikashuka Kemondo kununua dagaa. Mama mmoja mzee aliyekuwa akiuza akaacha kupima, akanikumbatia. "Wifi! Hunikumbuki? Mimi mdogo wake Kokubelwa, mliyemuoa ninyi! Si mumewe alipofariki ndipo akaolewa tena Ijumbi, akazaa huko?"

Wifi! Mtu wa damu hakuiti wifi. Nikamshika mkono, nikamuuliza mume huyo alikuwa nani.

Kumbe bibi yake Deus alikuwa mke wa binamu yangu Rwegasira, tawi jingine kabisa, kwetu aliingia kwa kuolewa tu. Yule wa baba mdogo alikwenda Ijumbi pia, akafa bila mtoto. Na wote wawili nawajua! Ila nilishuka tawi la kwanza, nikakuta jina, nikasimama.

Sasa nitokee wapi? Mipaka ya vibanja vya ukoo imewekwa kwa neno langu, warithi wamekaa kwa neno langu. Nikisema hapa nilikosea, kesho watauliza na pale, na mwanangu ataficha wapi uso? Na Deus ameshatangazwa kanisani na binti mwingine asiye na kosa. Nikisema, namuumiza yule. Nikinyamaza, Alinda wangu anaisha nikimwona.

Alinda hajanilaumu hata siku moja. Anakuja, ananimenyea ndizi, anapika, ananiombea heri, anaondoka. Ila haniulizi tena jina la mtu yeyote.

Wazee wenzangu mnaosifiwa kukumbuka, nawasihi! Ukiulizwa fulani, usisimame kwa wa kwanza. Uliza ni yupi, mtoto wa nani, kwenu alizaliwa au aliolewa. Shuka mpaka tawi la mwisho ndipo ufungue mdomo.

Majina humu nimeyageuza yote, na kwa mtu kama mimi kugeuza jina ni kama kung'oa jino. Moja tu nimeliacha lilivyo, ili mtu fulani akisoma ajue ni nani anaongea naye.

Kokubelwa walikuwa wawili, mjukuu wangu wa Ijumbi. Wa kwenu ni yule wa pili, si damu yetu.