Si Kila Anayejikuna Ana Upele

Nakumbuka siku majirani waliposema kwamba mimi, mtoto wa wakulima wa mpunga wa Ngana, nikienda kusomea utabibu, nitarudi na sanduku tupu. Nilirudi na stashahada, mwanangu, na aliyenicheka zaidi ndiye aliyetangulia kuniita Daktari. Sijisifu. Basi, najisifu kidogo.

Nikapangiwa zahanati karibu na Mwaya. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa, sabuni za kila harufu zikivuka mpaka pale Kasumulu. Katika daftari la wagonjwa kila ugonjwa ulikuwa na namba yake, lakini kwa ngozi mimi nilitumia moja tu, ya upele, ule wa kuambukizana. Kalamu ilikwenda mbio nikajiona bingwa.

Akaja Mama Atupele, mfinyanzi wa ufukweni, mikono imevimba na kupasuka hata hawezi kukanda udongo. Nikaandika namba yangu ileile, nikampa dawa ya upele. Siku ya tatu alirudi dawa imemuunguza. Akasema taratibu kwamba mikono hiyo isipopona, kazi nyingine haijui.

Bi. Tusekile, muuguzi wa umri wa mama yangu, akalivuta daftari.

"Daktari, mstari huu wote una upele mahali pamoja tu, ndani ya jina Atupele."

Wagonjwa wakacheka, na mwenye mikono iliyovimba akacheka kuliko wote. Mimi nilitafuta kalamu iliyokuwa mkononi mwangu.

Bi. Tusekile akaniambia nimuulize mgonjwa upya. Tangu lini? Tangu abadilishe sabuni. Wapi? Mikononi tu. Nani mwingine nyumbani anajikuna? Hakuna. Kumbe ngozi ilikuwa imechokozwa na sabuni ya manukato! Nikalikata kosa kwa mstari mmoja, lisomeke bado, nikaandika ugonjwa wenyewe na namba yake, nikatia saini. Sabuni ile akaiacha, nikampa dawa ya kutuliza uvimbe.

Baada ya wiki mbili alisimama mlangoni, udongo mpaka viwikoni.

"Ndaga fijo, asante sana, mwanangu. Ningekupa mkono, ila nimetoka kazini."

Nikaushika hivyo hivyo, na shati langu jeupe likajua kwa madoa.

Mwanangu, wewe unayeanza kazi hii sasa, kuuliza si ujinga. Andika ngozi imeumia wapi, tangu lini, imeguswa na nini, na nani mwingine anaumwa, ndipo uweke namba. Atakayesoma kesho hatamwona mgonjwa, ataona maneno yako tu. Mungu aitulize kalamu yako, na kila mkono utakaoutibu urudi kwenye kazi yake.