Lava Nzito Kwenye Ubao wa Kashata

Harufu ya sukari inayogeuka rangi ya chai ndiyo iliyojaa uwani kwetu Miteja msimu ule wa korosho, nikiwa darasa la sita. Shangazi alikuwa anapika kashata za maulidi, na mimi nilikaa pembeni nimenuna. Kaka yangu Salumu, dereva wa lori la safari za bara, alikuwa ameniletea jiwe jekundujekundu lenye michirizi iliyojikunja kama shuka iliyosukumwa. Mtaalamu wa miamba aliyepanda lori lake alimwambia ni lava ya kale mno, yenye silika nyingi, ile iliyomo kwenye mchanga na kioo, na kwamba ilitambaa mbali kama kutoka kwetu hadi Kilwa Masoko. Nikalipeleka shuleni kifua mbele. Mwalimu wa jiografia akatikisa kichwa: silika ikizidi, lava huwa nzito, hujirundika palepale ilipotokea. Darasa zima likacheka. "Kakako muongo! Kakuletea kokoto!" Jina la Profesa Kokoto, walilompa Salumu, likafika hadi kijiweni. Salumu alicheka nao, lakini jioni hakumaliza chakula chake. Mwalimu aliniambia, kama nina ushahidi, niulete Ijumaa.

Basi pale uwani nikachota sukari ya moto ya Shangazi kwa kijiko, nione kama itatambaa, nikaidondosha kwenye sahani. Ikajirundika palepale. Machozi yakanitoka.

"We mtoto, nani kakwambia kashata inamiminwa kwa kijiko? Si itapoa njiani!" Shangazi akanisogeza, akaimwaga sufuria nzima kwa mkupuo juu ya ubao uliopakwa mafuta. Ikaenda! Ilikuwa nzito vilevile, lakini ilikuwa nyingi na ya moto sana. Juu ikafanya ngozi, chini joto likabaki limefunikwa, ikazidi kusukumana taratibu hadi ukingoni, ngozi ikijikunja mikunjo kama ya jiwe langu.

"Shangazi, umetoa lava!"

"Nimetoa kashata. Iguse uone."

Mwishowe alinikatia kipande cha pembeni. Ijumaa nikaeleza mbele ya darasa, jiwe mkono mmoja, kashata mkono mwingine. Mwalimu akaligeuza jiwe, akaigeuza kashata, kisha akasema, "Nilifundisha nusu. Mwambie Salumu namwomba radhi." Usiku ule kaka alikula, akaomba ukoko.

Siku hizi naishi Rasbura. Shule niliishia kidato cha nne, ila simu yangu imejaa picha za miamba. Nasoma jinsi ardhi ilivyopasuka na kumwaga uji mzito hadi ukafunika mabonde, na kwamba mahali pengine wataalamu bado wanabishana kama ni lava au majivu ya moto yaliyogandana yakatambaa. Nami huduwaa peke yangu, nikitabasamu. Zamani ilinitosha kaka yangu aaminiwe. Sasa hainitoshi: nataka nifike mwenyewe pale lava ile ilipochoka kutambaa, nivue viatu, nisimame juu yake.