Neno la Wahiti Nililolikosea

Wiki iliyopita alifariki mzee mmoja wa Mwankoko, mwalimu mstaafu wa historia. Wengi mnaosoma gazeti letu la ukutani hapa shuleni hamkumjua, na mimi mwenyewe sikuwa mtu wake wa karibu. Nilikuwa natumwa kwake kununua mafuta ya alizeti, nasema shikamoo, naangalia chini. Mezani kwake kulikuwa na kamusi ya Kihiti, lugha iliyokufa zamani sana huko ambako leo ni Uturuki. Jirani yake, mama anayeuza vitunguu, alimtania mbele yangu: "Mwalimu, Wahiti si wale tunaosomewa kanisani? Walishakwisha! Utaongea na nani?" Akajibu, "Ndiyo raha yao, mama. Hawanikatizi."

Siku moja alinionyesha neno *antuhsatar*. *Antuhsa* ni mtu, akasema, na hiyo *-atar* ya mwishoni hutengeneza majina ya vitu visivyoshikika, kama sisi tunavyopata "uovu" kutoka "ovu". Nikarukia: "Basi ni utu!" Akacheka. "Subiri, mjukuu. Umeona lilivyojengwa, hujaona linavyotumika. Tafuta kwanza sentensi zao." Sikutafuta. Niliandika kwenye safu hii kwamba Wahiti walikuwa na neno lao la utu, yaani huruma na heshima, nikasifiwa hadi mstarini asubuhi. Nikampelekea nakala. Aliisoma polepole, akavua miwani. "Kwenye vibao vya udongo walivyoandikia, hili ni watu tu. Binadamu, wakazi wa nchi, wema na wabaya wote wamo. Utarekebisha?" Nikasema, "Ndiyo, babu."

Sikurekebisha. Niliogopa kuchekwa darasani, basi. Mafuta nikaanza kuyafuata kwingine. Msibani yule mama wa vitunguu akanisogelea: "Wewe ndiye wa lile neno? Kila wiki alikuwa ananiuliza kama gazeti lenu limetoka."

Nimefikiria kwamba wafu hawawezi kutubishia, ndiyo maana tunawapa maneno mazuri tunayoyataka sisi. Hata kwenye mitihani tunafanya hivyo, tunaandika kinachopendeza. Yule mzee alitumia miaka yake ya kustaafu kuhakikisha watu waliokwisha kabisa hawasingiziwi hata neno moja, na hakuna aliyemtuma.

Kwa hiyo naandika: *antuhsatar* maana yake ni watu, binadamu kwa jumla. Nilikosea. Ukikosea mbele ya watu, sahihisha mbele ya watu, na ufanye hivyo wakati aliyekukosoa bado anaweza kusoma.