Kiti cha Upande wa Pili

Wakili wa ofisi yetu hapa Winnipeg, Kanada, hutetea wafanyakazi waliofukuzwa. Ana vidole vyembamba na sauti ya chini. Siku moja kabla ya kesi huhamia kiti cha upande wa pili wa meza, huvua miwani na kuifuta polepole kwa ncha ya tai. Hapo hugeuka mkali, akijifanya wakili wa mwajiri. Ndivyo alivyomkabili Odette, mfuaji mashuka wa hoteli aliyefukuzwa baada ya kuumia mgongo, naye akitaka kazi yake irudi.

“Mgongo unauma, lakini kwenye mechi ya hoki ya barafuni ulionekana umebeba mtoto?”

“Mjukuu wangu huyo! Ulitaka nimlaze kwenye barafu?”

“Vizuri. Kesho jibu hivyo hivyo, ila usishike kikombe cha chai kama hicho ulichoshika sasa.”

“Roho mbaya hii umejifunzia wapi, bwana wewe?”

“Kwa waajiri. Niliwatetea miaka mingi, na mawakili wao vijana niliwafundisha mimi.”

Kesho yake, mbele ya baraza la haki za binadamu, wakili kijana wa hoteli alisimama, akavua miwani, akaanza kuifuta kwa ncha ya tai. Odette alimtupia wakili wetu jicho, akashusha mabega, akangoja swali la mjukuu.