Kibali cha Kufunga Njia

Mimi ni mtu wa hasira, na hasira yangu ndiyo iliyonipeleka afisi ya kaunti siku ambayo nilitakiwa niwe makaburini.

Baba alifariki alfajiri, kitandani mwake, nyumbani kwetu Mji wa Kale. Maziko yakapangwa baada ya sala ya adhuhuri. Mtaani kwetu mtu akifa, majamvi hutandikwa njiani mbele ya nyumba na turubai hufungwa dirisha hadi dirisha, wanaume wakae chini yake wasome khitma. Zamani ulifunga tu. Siku hizi njia ni ya kaunti: ujaze fomu, ulipe ada, upigiwe muhuri. Mwezi mmoja kabla, kwenye harusi ya jirani, askari wa kaunti walizikata kamba, turubai likawaangukia watu na sinia za pilau mbele yao. Nikaapa kwamba babangu hatafanyiwa hivyo.

"Yakhe, wacha," akaniambia ami yangu, mdogo wake baba. "Nani atakuja kung'oa turubai la msiba?"

"Hawana haya hao. Naenda na kurudi."

Na kusema kweli, baba mwenyewe ndiye aliyenilea hivyo. Alikuwa karani bandarini Kilindini maisha yake yote, hakuruhusu hata kasha la majani ya chai litoke getini bila karatasi. Lakini wiki chache kabla, nikimkata kucha, aliniambia neno jingine: "Kaburini utaingia wewe. Nipokee wewe, mikono yako naijua." Nikamwambia inshallah, baba.

Karani wa afisi ile, dada wa bara mwenye adabu zake, alinipa pole kwa moyo. Fomu nikajaza, ada nikalipa kwa simu, saa tano haijafika. Ukabaki muhuri. Mwenye muhuri alikuwa ametoka kukagua barabara iliyochimbwa, na muhuri ameufungia kwenye droo.

"Mzee, si uende tu? Nitakuwekea."

"Siondoki bila muhuri," nikamjibu kwa ukali, utadhani yeye ndiye aliyeniudhi.

Simu ikaita. Ami. "Babako keshaoshwa, keshakafiniwa. Uko wapi?" Nikasema dakika tano. Ikaita tena, nikasema dakika tano. Mtu mzima na ndevu zangu, mpumbavu mimi, nimeling'ang'ania benchi! Adhana ikaadhiniwa nami nimekaa. Muhuri ulikuja kupigwa watu washasali.

Nilikimbia hadi makaburini. Wanaume walikuwa wanatoka, wakipangusa mchanga mikononi. Ami alisimama getini, kanzu imejaa udongo hadi magotini, nikajua ni nani aliyeingia kaburini. Hakunigombeza. Aliitazama karatasi mkononi mwangu, akaniuliza, "Umeipata?" Wallahi, afadhali angenizaba kofi.

Turubai lilikaa siku tatu. Hakuna askari aliyekuja kuuliza kibali.

Tangu siku ile, ikifika adhuhuri, nasikia watu wakipita njiani na jeneza. Nasikia ndara nyingi zikienda haraka, na kalima ikisomwa kwa sauti ya chini. Nafungua mlango. Njia tupu, labda paka, labda mwenye mkokoteni wa maji. Mke wangu alikuwa akiniuliza natafuta nini, sasa haulizi. Naogopa, nasema wazi. Naogopa siku nitakayofungua niwakute kweli.

Juzi jirani yangu alifiwa na mamake. Akaja mlangoni, macho mekundu, akanambia, "Yakhe, wewe wajua mambo ya kibali. Nielekeze afisi."

Nikamshika mkono kwa nguvu hadi akashtuka. "Nitakwenda mimi. Wewe usibanduke hapo alipo mamako, wanisikia? Akiteremshwa, uwe chini wewe."

Nikaenda. Benchi lile lile, na dada yule yule. Adhana ikaadhiniwa, na ndara zikaanza kupita nje ya dirisha, nyingi, zikienda haraka. Safari hii hazikupita zikaisha. Zilisimama, kisha nikahisi uzito unashushwa polepole juu yangu, na baba akingoja nimpokee. Nikafumba macho, nikanyoosha mikono yote miwili.

Dada akaniwekea karatasi mikononi.